Kijiti Nilichokipokea Jumamosi

Bweni la wasichana, Kisumu
Jumapili mchana

Mpendwa Baba,

Nakusalimu nikitumaini kwamba mgongo umeacha kukusumbua, na kwamba jua la Asembo limekausha vizuri omena, dagaa wale wa Mama. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye aibu.

Juzi Ijumaa nilisimama paredi mbele ya shule nzima, mimi ninayejificha wageni wakija nyumbani, nikaeleza kitabu nilichosoma maktaba kuhusu wanamichezo Wayahudi. Nilieleza jinsi walivyofungiwa milango ya vilabu vya kuogelea, wakaunda vyao. Nikaeleza wakimbiaji wawili waliosafiri hadi Ujerumani ya Wanazi kwa mbio za kupokezana vijiti, halafu makocha wao wenyewe wakawaondoa dakika za mwisho. Nikamalizia na mrushaji mpira wa besiboli wa Marekani aliyekataa kucheza mechi kubwa kwa kuwa ilikuwa siku yao takatifu ya kufunga. Nikasema, "Na sisi wa Sabato tujifunze kwake." Walipiga makofi, Baba. Nilijiona mrefu.

Kesho yake yalikuwa mashindano. Akoth, msichana wa kidato cha kwanza kutoka Nyalenda, ndiye aliyepangwa kumaliza mbio za vijiti. Mimi nilikuwa wa akiba.

"Mwalimu, leo ni Sabato," Akoth akasema. "Sikimbii."

Wasichana wakacheka. "Haya, Pasta, kaa hapo ule miwa!"

Mwalimu wa michezo akanigeukia. "Na wewe, profesa wa Wayahudi? Pia unasali leo?"

Akoth alikuwa ameshaketi kwenye nyasi. Alinitazama akitabasamu.

Nikasema, "Nitakimbia, Mwalimu."

Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa tu kuchekwa. Tukashinda, wakanibeba juu, nami sikuweza kuangalia upande ule wa nyasi. Jioni Akoth aliniletea maji ya kunywa. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Nilikuwa nimekuwekea nafasi pale nyasini."

Wale wakimbiaji wawili walinyang'anywa mbio zao. Mimi nafasi yangu ya kukataa nilikuwa nayo mkononi, nikaitupa.

Nisalimie Mama, na Ouma mdogo wangu. Dani, bibi yangu aliyenifundisha kukariri amri ya nne, ile ya kuitakasa Sabato, usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso.

Siku ya wazazi jina langu litaitwa mbele nipewe medali. Nakujua, utasimama kabla ya wote. Ndiyo maana nimekuandikia mapema, ili usinipigie makofi bila kujua nilikimbia siku gani. Na ukifika, tafadhali msalimie Akoth kwanza.

Ni mimi binti yako,
Atieno