Mikono ya Baba Katika Swala

Dada yangu mpenzi,

Asalamu alaykum. Nakusalimu wewe, shemeji na wapwa zangu watatu, hasa yule mtundu aliyeninyoa ndevu upande mmoja nikiwa nimelala. Goti lako limepoa? Usilidharau, goti halina spea. Sisi huku wazima, karakana inakwenda, na wiki hii tumemaliza milango kumi na miwili ya shule. Mama mdogo, mjane wa baba, hajambo pia. Ila tangu siku ile ya tatu baada ya mazishi, ulipomwambia kwamba alimkalia baba kimya mpaka ugonjwa ukamla, na kwamba mwezi ukiisha asionekane nyumbani kwetu, amekuwa akifunga vitu vyake kwenye masanduku. Hakukujibu hata neno. Nami nilikuwa nimesimama papo hapo, natazama viatu vyangu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ningesema nusu, nusu ningeimeza.

Dada, siwezi tena kuswali kwa utulivu. Mimi huyu mliyenipa jina la Futi kwa kuwapimia watu swala zao! Tangu baba atutoke, mimi ndiye ninayewaswalisha mafundi adhuhuri, kwenye mkeka ulio nyuma ya msumeno. Nafunga mikono kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto. Kabla sijamaliza Alhamdu, mikono imeshateremka yenyewe, imekaa ubavuni kulia, chini ya mbavu. Naipandisha, inashuka. Nikirukuu nasikia nyuma yangu mtu anavuta pumzi kwa meno, kama alivyokuwa akivuta baba. Juzi nilitoa salamu nikageuka haraka, nikawakuta mafundi wawili tu, wananishangaa. Naogopa, dada. Mtu mzima na ndevu zangu, naogopa kusema Allahu Akbar.

Wewe uko mbali, hukumwona baba mwaka wake wa mwisho. Maisha yake yote alifunga mikono kifuani, kisha ghafla akaanza kuiweka hapo ubavuni, na kusimama amejiinamia. Rukuu yake ikawa nusu, kama mtu anayetafuta msumari ulioanguka. Wakati huo nilikuwa nimetoka kumaliza darsa za alasiri kwa ustadhi, na debe shinda haliachi kutika. Nikamsahihisha mbele ya watu. Siku nyingine nilimshika viganja nikavipandisha kifuani mwenyewe, kama fundi anayenyoosha ubao. Baba alitabasamu akasema atazoea.

Alipoanguka ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alimpapasa, akaniuliza mzee ameanza lini kujishika ubavu huu na kushindwa kuinama. Nikasema karibu mwaka. Akaniambia kwamba uvimbe ulikuwa kwenye ini, na kwamba angeletwa mapema wangekuwa na la kufanya. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kwenye daftari langu la darsa kuna ukurasa mzima wa swala ya mgonjwa, kwamba huswali awezavyo, hata akiwa amekaa, hata kwa ishara. Niliuandika kwa mkono wangu.

Sasa nisikilize, na ukitaka kuichana barua, ichane ukifika mwisho. Mama mdogo aliona. Miezi minane kabla ya msiba alikuja karakana, akaniambia baba hawezi kuinama hata kuvaa viatu, tumpeleke hospitali, na kwamba alitaka kukupigia simu. Nilimwambia ni uzee na ukaidi, asikutie presha bure, na kwamba mambo ya baba yangu nayajua mimi. Yeye ni mke wa juzi, angefanya nini? Akarudi nyumbani.

Ijumaa ya wiki ile ile nilimwambia baba arukuu sebuleni, nikamwekea bilauri ya maji mgongoni, kwa sababu ustadhi alitufundisha kuwa mgongo ulionyooka haumwagi maji. Alitetemeka. Maji yakamwagika, yakamfika shingoni. Nikamwambia, si unaona? Alijifuta kwa mkono wa kanzu, akaniomba msamaha. Baba aliniomba msamaha, dada, nami nikamwambia ajitahidi.

Jana nilimwuliza mama mdogo kwa nini alikubali matusi yako ilhali ukweli anao. Akasema baba alimwusia kitandani asimwambie mtu kuwa mimi ndiye niliyekataa, ili watoto wake wawili wasije wakaacha kusalimiana. Alimwahidi. Kwa hiyo anahama.

Masanduku sita yako mlangoni, na gari linakuja Jumamosi. Nimemsihi abaki, amesema aliyemfukuza ni wewe. Mpigie kabla ya hapo, dada, umwombe radhi. Mimi nitasubiri zamu yangu. Lolote utakaloniambia nitalipokea.

Naishia hapa, nikikuombea afya wewe na nyumba yako. Mbusu yule kinyozi wangu. Mama mdogo anakusalimu sana. Hajui nilichoandika humu. Kaniona na bahasha tu, akaniambia nisiifunge kabla sijatia salamu zake, na nikuulize kama ile dawa ya goti aliyokutumia imekusaidia.

Ni mimi mdogo wako,
Futi