Mgeni Asiye na Jiko

Alhamisi, Tetu

Mdudu tena! Mwaka wa tatu huu nikiwa daktari wa mifugo huku, na neno hilo bado linanichoma. Leo Mama Wangui, ng'ombe wake akichechemea na kutokwa udenda, ananiambia, "Daktari, dunga yeye sindano ya kuua mdudu." Majirani wote wakaitikia kwa vichwa.

Nikawaeleza kwamba ugonjwa wa miguu na midomo huletwa na virusi, na sindano ile huua bakteria, wadudu wanaojilisha na kuzaana wenyewe, si virusi. Virusi havili, havizai vyenyewe. Huingia ndani ya seli na kuilazimisha itengeneze virusi vingine. Jirani mmoja akauliza tena bei ya sindano. Nikaona nimeshindwa.

Mama Wangui akafikiri. "Ati ni mgeni hana jiko wala unga? Amekuja na karatasi ya mapishi peke yake, anaingia kwa jikoni yangu, na mimi napika chapati zake mpaka jikoni inabomoka?"

"Ndiyo, mama!" Nusura nimkumbatie. Chuoni hakuna aliyenieleza hivyo.

"Halafu hizo chapati zinaenda kwa jirani." Akamgeukia Mzee Mwangi, aliyepanga kupeleka ndama sokoni kesho. "Hiyo ndama haitoki."

Mzee akakubali. Mimi ningembembeleza wiki nzima.

Nawahofia ng'ombe wawili wa Mama Wangui ambao bado hawajaugua, sifichi. Lakini nikifunga lango nilimsikia akimkaripia mtu kwa simu: "Si mdudu! Mdudu ako na jiko yake!"