Kibwagizo Anachoimba Mama

Buhare,
Musoma.
16 Oktoba 2024

Mpendwa Kaka Makongoro,

Shikamoo. Songea kunasemaje, na kile kifua chako kimetulia? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila dagaa wa Mwigobero anakwenda kuwanunua mwenyewe, hamwamini mtu.

Umeniomba nikuchambulie shairi la uzalendo la mdogo wetu Lucy wa Bunda, lile aliloghani Jumatatu kwenye sherehe kule Butiama. Umeniomba kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Hukukumbuka kwamba miaka yote mtunzi wa ukoo huu nilikuwa mimi, na kwamba safari hii waandaaji walichukua lake, langu wakanirudishia. Haya, nakuchambulia, ingawa roho inaniuma.

Ni tarbia, mizani nane kwa nane. Nilihesabu kwa vidole nikitafuta kosa, na nikalipata: ubeti wa tatu, mshororo wa pili, umepungua mizani moja. Nilifurahi kama niliyeokota dhahabu! Basi Lucy alipofika pale akavuta sauti kidogo, pengo likazibika, na akina mama wakapiga vigelegele papo hapo. Langu limetimia mizani yote na limelala kabatini.

Vina vya kati vinabadilika kila ubeti, vya mwisho ni "di" mwanzo hadi mwisho. Huo ni ukara tu, si uchawi. Hata mimi naweza.

Toni ndiyo iliyonishinda. Mimi nilijaza bendera, ngao na mwenge. Yeye hana hata kimoja, ana mama aliyesimama mlangoni akingoja. Kibwagizo chake ni hiki:

Nchi ni mama wa wote, hata mwana asorudi.

Sasa mama anakiimba kutwa akichagua dagaa. Jana nikamuuliza anakipendea nini.

"Lucy anajuaga moyo wangu," akanijibu. "Hapo anamuimba Makongoro."

Kaka, goti lile nalikanda mimi kila jioni. Kwa hiyo sijui tena wivu wangu ni wa Lucy au ni wako. Mimi niliyebaki nyumbani hakuna anayeniimba.

Nisalimie wifi, Clementi na Euphrasia. Mungu awafungulie njia mje Krismasi, ili mama abadilishe wimbo.

Wako akupendaye, hata nikinuna,
Sabina