Mwongozaji wa Tatu

4 Machi

Binti yangu,

Kabla sijakujulia hali nikuambie nililokuficha, maana nikianza na salamu nitajificha humo humo. Ile filamu ya tatu nilijua ni yako. Nilijua kabla haijafika nusu, na nikaikataa.

Sasa salamu. Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Mimi ni mzima wa kusema tu. Miguu imevimba, na kutoka kitandani hadi chooni kumekuwa safari ya kuagwa. Daktari hanipi tena tarehe ya kurudi, anasema "tutaona", nami nimefundisha lugha muda mrefu wa kutosha kuelewa maana yake.

Unajua sehemu ya mambo haya, lakini niyaweke sawa. Kampuni iliyonunua kitabu changu, Mlinda Taa, iliniachia neno la mwisho juu ya nani aongoze filamu yake. Waongozaji watatu walipewa ukurasa mmoja: mlinda taa ya kuongozea meli, mgonjwa wa kifua, anamkabidhi bintiye kwa zimwi la ukungu, kwa kuwa zimwi limeahidi kumponya. Kila mmoja akaupiga picha kwa namna yake. Filamu hizo fupi zikaletwa kwangu bila majina, namba tu, nisije nikampendelea mtu. Hata wewe ulisema kwenye simu, "Baba, usiniulize yangu ni ipi."

Sikuuliza. Mtoto katika ile ya tatu alitoka nyumbani ameshika viatu mkononi. Kitabuni hamna viatu. Hivyo ni vyako, siku uliyoondoka kwenda kuishi kwa shangazi yako, ukiwa na miaka sita, mwaka mmoja baada ya mama yako kutuacha.

Nikamwambia mtayarishaji, "Namba tatu, hapana."

"Kwa nini, mzee?"

"Haina zimwi."

Akacheka. "Kweli. Filamu ya zimwi bila zimwi, hapo tungeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Nami nikacheka. Mkataba na mwongozaji mwingine utatiwa saini mwisho wa mwezi. Nimeona nisiondoke duniani na kicheko kile.

Baba yako


12 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mdogo ana mafua, mkubwa anajifunza kujibu watu, amemrithi mtu fulani. Dawa unameza, au bado unazimwaga kwenye beseni? Muuguzi ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe.

Barua yako niliisoma kazini. Nilikuwa nahariri video ya harusi, bibi harusi analia, nami nikaanza kulia. Mwenzangu akanipa leso akasema, "Dada, mbona hii ni harusi ya kawaida tu?" Ndiyo kazi yangu, Baba, unaijua. Miaka yote hii nakata na kuunga harusi za watu ili siku moja nipewe filamu moja yangu. Hii ndiyo iliyokuwa moja.

Kushindwa nakujua. Ningeshindwa na mtu mwingine ningenyamaza. Lakini nasikia nimeshindwa na yule tunayemwita Bwana Moshi! Mtu ambaye hata kwenye filamu ya mapenzi anaweka moshi, wapendanao wanatafutana kwa kupapasa!

Na hiyo sababu yako ya zimwi usinipe mimi. Nililiacha nyuma ya mlango, linasikika likipumua. Ni wewe uliyenifundisha kwamba kinachotisha hakionyeshwi, hunusishwa tu. Kwa hiyo si zimwi. Ulikataa kwa nini?

Binti yako


17 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Dawa nameza. Muuguzi sasa anasubiri mpaka nifungue kinywa aone, kama mnunuzi wa punda.

Juzi mtayarishaji alikuja na Bwana Moshi wako. Chumba changu unakijua: kiti kimoja, kitanda na vitabu. Mtayarishaji alikaa kwenye kiti na simu zake mbili, Bwana Moshi akasimama, akitazama dari kana kwamba anapima pa kuning'iniza zimwi.

"Mzee," akasema, "mimi nitawaliza watu. Yule baba, kikohozi chake nitakiweka mbele. Damu kwenye leso. Watu watasema, maskini, angefanya nini?"

"Ndivyo kilivyoandikwa," nikasema.

"Nani atamlaumu mgonjwa?"

Mtayarishaji akasema bila kuinua macho, "Hakuna. Ndiyo maana kitabu kiliuzika."

Walipoondoka nilimwomba muuguzi aniwekee tena filamu yako. Safari hii nilikaza macho, nisiyageuze. Baba wa kwako hakohoi. Ni mtu mwenye afya. Anamtoa mtoto nje, anafunga mlango taratibu, anapangusa meza, anakaa. Anavuta pumzi ndefu, safi. Basi.

Hapo ndipo niliponaswa mara ya kwanza, na ndipo nilipozima mashine. Nikajua umeshajua. Kama ulitaka kunishtaki, hukuhitaji kamera, ungekuja ukasema. Ila niambie, ni shangazi yako aliyekuambia? Aliniapia kwamba angekwenda nalo kaburini.

Baba yako


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua tatu nilizoandika nimezichana.

Mimi sijui kitu. Sikujua lolote. Baba wa kwenye filamu yangu hakohoi kwa sababu mwigizaji niliyempata ni fundi bomba wa mtaani kwetu, sikuwa na fedha za mwigizaji wa kweli, na kila nikimwambia "kohoa" alikuwa anacheka. Tulirudia mpaka taa zikaanza kuwaka moto. Mwisho nikamwambia, "Kaka, acha kukohoa, kaa tu." Akakaa. Ndiyo siri yote ya sanaa yangu. Viatu, ndiyo, ni vyangu; hivyo nilivikumbuka.

Shangazi alikwenda nalo kaburini, hilo mlilokuwa nalo. Alichoniambia mimi kilikuwa kimoja: kifua cha baba yako kinaambukiza, akipona atakuja kukuchukua. Kila usiku tulipiga magoti tukaombea kifua chako. Shuleni nilikuwa natamba: baba yangu anaumwa lakini anaandika kitabu kitandani. Kilipotoka, na jina langu kwenye ukurasa wa mbele, ule wa tabaruku, nililala nacho.

Usimpigie mtayarishaji kwa kunihurumia. Kazi hii naitaka kuliko chochote nilichowahi kukitaka, lakini siichukui kama ubani wa mfiwa. Nijibu kwanza. Nilipaswa kujua nini? Nimeomba ruhusa kazini, wakinipa nitakuja mwisho wa mwezi. Nisingependa nikuulize ana kwa ana.

Binti yako


29 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na unisamehe mwandiko. Muuguzi ameshika ubao, mimi nimeshika kalamu, na hakuna kati yetu anayefanya kazi yake vizuri. Anasema nipumzike. Nimemwambia pumziko langu liko njiani, lisiharakishwe.

Mtayarishaji nimempigia.

"Namba tatu," nikamwambia.

"Mzee, tumeshamwahidi mwenzetu."

"Neno la mwisho ni langu, liko kwenye karatasi yenu."

"Ni binti yako, siyo? Watu watasema."

"Waseme. Mwambie Bwana Moshi ana kipaji. Amekiamini kitabu changu neno kwa neno, ndiyo kasoro yake."

Amekubali. Atakutafuta wiki hii. Si ubani, mwanangu. Niliwatazama waongozaji kwa jicho la mtu anayetafuta shahidi wa kumtetea, na wawili wa kwanza wangenitetea vizuri sana. Filamu inamtaka yule asiyemtetea mlinda taa. Umefika hapo kwa kicheko cha fundi bomba, lakini umefika, na uliona kwamba pamefaa ukapaacha. Kwa hiyo usije ukamtafuta mwigizaji anayejua kukohoa. Yule yule, akae vile vile.

Sasa swali lako. Shangazi yako hakuniomba akulee. Nilimwomba mimi, nikampa na maneno ya kukuambia. Alikataa mara mbili. Ya tatu akaangalia nyumba ilivyokuwa, nawe ulivyokuwa ukinifuata chumba hadi chumba ukiuliza mama yuko wapi, akasema, "Ni dhambi yako, kaka, mimi nabeba mtoto tu." Ulipoondoka nilihamishia meza kwenye chumba chako, kwa sababu ndicho kilichokuwa na mwanga mzuri.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Alipokuwa akikuleta kunitazama ulisimama uani, nami dirishani, nikiwa na leso mdomoni. Ulinipungia mkono. Nikisikia mmeondoka niliiweka leso chini nikarudi kwenye sentensi niliyoiachia njiani.

Magoti yako yale, kila usiku. Hilo sikulijua mpaka wiki hii.

Njoo ukipewa ruhusa. Kama utaona ni bora usije, nitaelewa. Ila usiseme tena, hata kwa wanao, kwamba nilikuwa naumwa. Sikuwa mgonjwa, mwanangu. Nilikuwa naandika.

Baba yako