Kidude Kimeshika Adabu

3 Machi

Mama yangu, shikamoo. Hujambo? Miguu je, na wateja wako wakorofi? Mimi mzima, ila hofu haijanitoka tangu moyo wa baba usimame mchana kweupe, kakaa kitini, bila hata kulalamika.

Nakutumia kidude nilichotengeneza na wenzangu kazini. Kibandike kifuani. Kina ubongo mdogo ndani: unakaa kimya, unashtuka tu moyo ukipiga isivyo kawaida. Kinajifunza moyo wako humo humo, kwa betri ndogo kama kifungo cha shati, wala hakipeleki habari popote. Hata mimi sitaona kitu. Kikilia na wewe huna neno, bonyeza kitufe, kitajua hiyo ndiyo kawaida yako. Ukijisikia vibaya usibonyeze, nenda hospitali.

Mwanao, kifungua mimba wako

20 Machi

Marahaba, mwanangu. Sijambo, namshukuru Mungu. Wiki ya kwanza kidude kililia kama kichanga, hadi mteja mmoja akaniuliza nimeficha nini kwenye sidiria. Nikipanda ngazi na jora la kitambaa begani, kinalia. Nikiinamia cherehani, kinalia. Sasa kimeshika adabu, siku ya tano hii kimya. Hongera, fundi wangu.

Mama yako

20 Machi, jioni

Shikamoo mama. Nimepiga simu hupokei, najua cherehani zina kelele. Kilipolia ulijisikiaje? Ulibonyeza?

Mwanao

21 Machi, asubuhi

Marahaba. Nilibonyeza, ndiyo, kila mara. Kifua kilibana kidogo na pumzi ikakata, mambo ya utu uzima hayo. Lakini mwanangu, ukijuliwa hali utaanza kumwaga maradhi yako? Hata mgeni namwambia sijambo. Nilikionea haya. Halafu ulisema hakipeleki habari, lakini nani ajuaye? Sikutaka ukose usingizi.

Mama yako

21 Machi, saa sita

Mama, leo sina salamu. Kila ulipobonyeza ulikifundisha kwamba ugonjwa wako ndio uzima. Kimenyamaza kwa sababu kimekuamini. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeweka kitufe, na nilisahau mama yangu ni mtu wa namna gani. Funga duka sasa hivi. Nenda hospitali, mweleze daktari yote, usimwambie hujambo. Nakuomba. Nimeshamzika mmoja.

Mwanao

21 Machi, saa tisa

Mwanangu, nimekaa sakafuni hapa dukani. Shoga yangu wa duka la pili amekimbia kutafuta gari. Mkono wa kushoto umekufa ganzi, naandika kwa huu mmoja. Kidude kiko kifuani, kimya.

Nilianza kukuandikia kwamba siogopi, nikafuta. Naumwa. Naumwa tangu kabla hujakileta, na baba yako alikuwa akiniuliza, nikamficha hata yeye. Njoo.

Mama