Sifuri Iliyomfukuzisha Chiriku Kazi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Salamu nyingi sana, na pole kwa baridi ya huko unayoilalamikia kila ukipiga simu. Natumaini u mzima, unakula vizuri, na kile kitambi ulichoondoka nacho hakijakukimbia. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja hasira ipoe. Haijapoa, basi nimeona nikuandikie ikiwa bado ya moto.

Unaikumbuka programu yako, ile uliyotuachia ofisini ya kupelekea kazi zetu kwenye kompyuta za wateja? Bado tunaitumia. Na maelezo yake uliyoyaandika kwa mbwembwe bado yapo: "Weka 0 au 1 kulingana na mahali unapopeleka. Sehemu hii inajieleza." Umesoma miaka yote ile, ukashindwa kuandika ipi ni ya majaribio na ipi ni ya mteja mwenyewe. Kwako wewe sifuri ni ya mteja, kwa sababu kompyuta ya mteja ndiyo iliyounganishwa kwanza, na nyinyi mafundi wa programu huanza kuhesabu kwenye sifuri. Hilo lilikuwa kichwani mwako, na kichwa chako ulisafiri nacho.

Chiriku, binti wa mjomba, alipewa pale ofisini kazi ya mteja wetu, kliniki ya macho. Alitaka kwanza kuijaribu kwa wagonjwa wa kubuni. Wala usiseme hakuuliza, unamjua alivyo, akinyamaza kidogo tu tunamshika paji la uso kuona kama ana homa. Alikuuliza kwa ujumbe. Ukamjibu asome maelezo. Akayasoma tena, akaona sifuri ndiyo isiyo na madhara, akabonyeza.

Asubuhi yake mhudumu wa mapokezi pale kliniki alisimama mbele ya watu akaita, "Mgonjwa Bandia wa Kwanza!" Watu wakacheka. Kicheko kiliwakauka walipoambiwa kwamba majina yao yamefutwa na yale ya kubuni. Kulikuwa na mzee wa watu amekuja na mkoba wa nguo, tayari kwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Akarudishwa nyumbani ameshikwa mkono na mkewe. Nakala ya akiba ilirudisha mengi, lakini miadi ya wiki ile haikuonekana tena, na mzee yule amewekwa mwisho wa foleni.

Bosi alichemka, lakini si mtu wa kuonea watu. Alisema wewe mwenye programu ukikiri tu kwamba maelezo hayaeleweki, Chiriku anabaki. Sentensi moja. Tulikaa wote mkutanoni tukisubiri jibu lako, Chiriku ameshafuta machozi na kupaka poda, tayari kushukuru. Bosi akalisoma kwa sauti: "Maelezo yapo wazi kwa mtu anayejua kusoma." Baadhi ya wenzetu waliangua kicheko, wanaume wazima. Chiriku alichukua kikombe chake na sweta akatoka. Tangu siku hiyo haongei. Ukimuuliza kitu anajibu ndiyo au hapana, halafu anageukia ukutani.

Ulipokuwa unasoma ulikaa kwa mjomba, na Chiriku alilala sakafuni sebuleni ili wewe upate chumba cha kusomea. Mjomba hajakulaani, usiwe na wasiwasi. Aliniuliza tu, "Hivi kusema 'nimekosea' kungempunguza nini?" Ukweli ni kwamba ungeona aibu kidogo, na wewe afadhali mwenzako akose kazi kuliko uone aibu kidogo. Nimekuchukia kwa hilo, na sitakudanganya, kukuchukia kumenipa raha.

Sasa nije kwenye ombi lako. Uliniambia waajiri wako wapya wanataka kuichukua programu hiyo waitumie kampuni nzima, wewe uwe mkuu wa kitengo, na kwamba wakiiandikia ofisi yetu kutaka maoni nikusemee vizuri. Kweli wameandika, na Bosi amenikabidhi mimi nijibu kwa kuwa ndimi ninayesimamia wateja. Usiogope, sikukusema vibaya, wewe ni ndugu yangu. Nimewatumia programu pamoja na maelezo yako yote, sikuongeza neno wala kupunguza nukta. Nimewaomba kitu kimoja tu: wampe mfanyakazi asiyekufahamu aitumie peke yake kwenye kompyuta zao wenyewe, mbele ya wakubwa, nawe usiwemo chumbani. Wamelipenda wazo hilo. Barua hii itakapokufikia, atakuwa ameshabonyeza.

Mama anakusalimu sana, bado hatujamwambia. Mjomba pia anakusalimu, maana ana adabu. Shangazi anauliza utarudi lini. Chiriku hakutuma salamu, nami sikumlazimisha.

Mungu akupe afya njema, na akikupa kitu cha ziada basi akupe moyo.

Ni mimi nikupendaye bado, ingawa kwa shida,
Dada yako mkubwa.