Kipepeo cha Pazia la Chumbani

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na karakana inakwenda. Mimi sijambo, ila vidole vinauma kwa kukunja utepe kutwa. Vipepeo vyangu vya utepe vimeshika soko, Baba. Watu wanavifunga kwenye mito, kwenye shingo za bilauri, kwenye vishikio vya makabati, kwenye mikoba na nywele. Jumamosi ya mwisho wa mwezi sisi mafundi tunaojitegemea tutapanga meza zetu katika ukumbi mmoja, na yangu iko karibu na mlango. Njoo. Tangu niondoke hapo karakanani hujaona kazi yangu hata moja, na mimi nataka uione.

Binti yako

16 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, karakana haijambo, watu wanaendelea kufa. Barua yako nimeisoma mara mbili, nilidhani miwani inanidanganya. Bilauri inafungwa utepe? Inasikia baridi? Na huyo mwenye kabati, akitaka sahani anaanza kwa kuuvua mlango nguo?

Nimekulea kwa satini nyeupe na misumari midogo. Nimekufundisha kutandika jeneza mpaka ndani likatulia, na kufunga kipepeo kwenye kona zake nne kikakaa. Leo kipepeo kile kile unakiuza kwa watu wazima wenye akili zao, wanakiweka kwenye mto, wanakikalia, wanapiga nacho picha! Siji. Nina kazi ya watu wenye shida ya kweli.

Baba yako, fundi majeneza

2 Machi

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi mzima wa mwili. Ukumbi ulijaa, vipepeo vya mezani pangu viliuzwa vyote kabla ya adhuhuri, na kiti nilichokuwekea wewe alikikalia mtu aliyechoka kutembea.

Umenicheka mimi na wateja wangu, haya. Wako wewe hawajawahi kukulalamikia kwa sababu hawawezi. Wangu wanageuza kitu juu chini, wananitazama usoni, wanauliza kwa nini sikio hili la kipepeo limezidi lile. Siku utakayomuuzia kitu mtu anayepumua, ndipo tutaongea habari za kazi.

Binti yako

21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nilijiapiza sitaandika, lakini shida haijui kuapa. Kifua je?

Kuna bibi harusi nilimfungia kipepeo kikubwa mgongoni mwa gauni. Sherehe ilipoisha hakikufunguka. Alivuta yeye, akavuta mume, akavuta mama mkwe, mwishowe wakamtoa kwa mkasi. Najua unacheka. Cheka umalize, kisha unisikilize.

Mama mmoja mwenye duka la vitu vya nyumbani anataka vipepeo vya kushikia mapazia, vya duka zima. Anataka kila kimoja kishike pazia zito kutwa, na jioni kifunguke kwa mvuto mmoja. Nikikifunga kama kamba ya kiatu, satini inateleza na pazia linaporomoka mchana. Nikikifunga ulivyonifundisha wewe, ni mkasi tena. Habari za gauni zimeenea na wateja wamepungua. Nikiikosa kazi hii sina kazi, nitarudi kubadilishia watu zipu. Je, unajua fundo lingine?

Binti yako

29 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Mama mkwe naye! Yote hayo kwa ajili ya urembo wa mgongoni ambao mvaaji mwenyewe hauoni.

Fundo langu halifunguki kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba kutoka. Lingine silijui. Aliyelijua ni mama yako. Alikuwa anakufunga nywele asubuhi, wewe unaruka kamba na kupanda kuta kutwa nzima, utepe hautikisiki. Jioni anavuta ncha moja tu, nywele zote zinaanguka. Alipofariki nikawa nakufunga mimi, na mwalimu wako akawa anakukata utepe kila Ijumaa.

Limebaki moja tu la mkono wake, kwenye pazia la chumbani kwangu. Alilifunga asubuhi aliyokwenda hospitali. Unalijua. Usiniombe.

Baba yako

7 Mei

Baba,

Shikamoo. Afya yako? Nakuomba.

Pazia lile hujalishusha tangu siku hiyo. Jua linakupiga usoni kila asubuhi, nawe unawaambia majirani kwamba unapenda kudamka. Nitalivuta mara moja, nione limepitaje, kisha nitakufungia upya nilivyolikuta.

Binti yako

12 Mei

Binti,

Marahaba. Mimi mzima. Kazi ya mkono wa mama yako ikawafundishe watu kuvisha bilauri? Wakanunue na sketi za sufuria. Sitoi. Usiniandikie tena habari hiyo.

Baba yako

3 Julai

Mwanangu,

Mbona kimya? Hata salamu? U mzima? Mimi nakohoa kidogo, si cha kukutisha. Nilisema usiniandikie habari hiyo, sikusema usiniandikie kabisa. Nimekukumbuka.

Juzi nimetandika jeneza, nikafunga kona ya nne, nikarudi nyuma kutazama. Masikio yote yamelalia upande mmoja, mikono imeanza kutetemeka. Wenye msiba walitazama wakanyamaza. Ulisema kweli, wangu hawalalamiki.

Basi nikakaa kitandani nikaliangalia lile fundo. Nikifa mimi, watakaokuja kuhamisha vitu watalikata kwa mkasi kama gauni la yule bibi harusi wako, na hakuna atakayejua walichokata. Nimeona heri ulivute wewe. Nimeng'oa fimbo ya pazia ukutani na pazia lote limo ndani ya kifurushi hiki, limefungwa kama alivyoliacha. Usinieleze lilivyofunguka. Na usilifue.

Baba

20 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako kuliko ninavyoweza kusema. Kikohozi hicho kinyweshe dawa, usikifanyie kiburi.

Pazia lilikaa mezani kwangu siku kadhaa, nikila chakula nimesimama. Kisha nikavuta. Umenikataza kukueleza, kwa hiyo sikuelezi. Nililia, hilo nakwambia. Nimelifunga na kulifungua mpaka vidole vikashika, na mama mwenye duka amevuta mwenyewe mara tatu akacheka kama mtoto. Kazi nimepata.

Jumapili naja na pazia lako. Sijalifua.

Binti yako

2 Agosti

Binti yangu,

Ulifika salama? Mimi mzima, dawa nakunywa, acha kuniuliza.

Nimekaa nikikitafutia kosa kipepeo ulichonifungia. Sikio la kushoto limezidi. Mbali na hilo, ni cha mama yako mwenyewe, ningeapa ni mkono wake. Ulipoondoka nikavuta ncha kama ulivyonionyesha. Chumba kikaingia giza, giza ambalo sikulipata miaka yote hii, na nikalala mpaka watu wakaja kugonga karakana wakitaka jeneza. Nikawaambia wangoje, marehemu hana haraka.

Kisha nikajaribu kulifunga mwenyewe. Limetoka masikio ya punda, na pazia likaanguka kabla sijamaliza chai. Kwa hiyo chumba kina giza mpaka sasa na mimi naandikia barua hii jikoni.

Bilauri bado ni upuuzi. Mito pia, na kabati usiseme. Lakini Jumapili uje unionyeshe tena. Na usidhani utamaliza kwa siku moja, mimi ni mzito sana wa kuelewa.

Baba yako